Anayedanganywa Ndiye Anayeibeba Filamu: Richard Gere na Edward Norton katika Primal Fear

Watu wakiitaja filamu ya Primal Fear, iliyotoka Marekani mwezi Aprili 1996, jina linalofuata mara moja ni la Edward Norton. Si ajabu. Ilikuwa filamu yake ya kwanza, alikuwa na umri wa miaka 26, na kabla mwaka haujatimia alikwisha kupata tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji msaidizi bora na kuteuliwa kuwania Oscar katika kundi hilohilo, ingawa usiku wa Oscar wenyewe alishinda Cuba Gooding Jr. Sina nia ya kumpunguzia Norton hata chembe ya sifa hizo. Ninachotaka kusema ni kwamba kazi yake isingesimama kama mbele yake asingekuwapo Richard Gere, ambaye hakuteuliwa kuwania Oscar kwa filamu hiyo, na kwamba hadithi yenyewe huonekana vizuri zaidi ukiifuata kwa macho ya yule anayedanganywa. Jambo hilo haliwezi kuelezwa bila kufichua mwisho, kwa hiyo ambaye hajaitazama na anataka kushtuka kama wengine tulivyoshtuka, aitazame kwanza ndipo arudi kusoma.

Kisa kinatokea Chicago. Askofu Mkuu Rushman, mtu anayeheshimiwa na mji mzima, anauawa kikatili ndani ya makazi yake, na muda mfupi baadaye polisi wanamkamata kijana wa miaka 19, Aaron Stampler, akikimbia huku nguo zake zimelowa damu. Aaron ametoka Kentucky, hana kwao, aliokotwa mitaani na askofu huyohuyo, akawa mtumikiaji wa altareni na mwimbaji wa kwaya. Ana kigugumizi, sauti yake ni ya chini, na anasema kwamba ndani ya chumba kile alikuwapo mtu wa tatu, kwamba yeye mwenyewe alipoteza fahamu, na kwamba hakumbuki kilichofuata. Martin Vail, wakili wa utetezi anayependa kamera kuliko anavyopenda usingizi, anaiona habari hiyo kwenye televisheni na kwenda mbio kumtetea bure. Kwa kweli halipwi fedha, lakini hakuna mtazamaji anayedhani kwamba halipwi kabisa.

Gere alikuwa na umri wa miaka 46 filamu ilipotoka, na tayari watazamaji walikuwa wamemzoea katika nafasi za mwanamume mtanashati anayejua kwamba anatazamwa. Mwongozaji Gregory Hoblit, ambaye alikuwa ametoka kwenye tamthilia za televisheni za polisi na mawakili na hapa akiongoza filamu ya sinema kwa mara ya kwanza, hakujaribu kumvua sifa hiyo. Aliiweka mbele. Tangu mwanzo Vail anaongea na mwandishi wa gazeti anayeandika makala juu yake, na anajieleza kama mtu aliyekwisha kumaliza habari ya ukweli: ukweli ni ule atakaoujenga yeye katika vichwa vya waamuzi 12, yaani raia wa kawaida wanaoketi mahakamani kuamua kama mshtakiwa ana hatia, basi. Anatembea kama mtu anayesikia makofi ambayo wengine hawayasikii. Gere anayafanya haya yote bila kumfanya Vail achukize, na hilo si jambo jepesi, kwa maana mtu mwenye majivuno akichukiza tangu mwanzo, tutamngojea aanguke, na tukianza kumngojea aanguke tutaanza pia kutafuta ni nani atakayemwangusha. Filamu ingefichuka katika nusu saa ya kwanza. Gere anatufanya tumpende Vail kiasi cha kutosha kuyaazima macho yake, kisha anayatumia macho hayo kutuonyesha asichokiona.

Katika kikao cha kwanza cha wakili na mteja wake, Vail anamwambia Aaron kwamba kazi ya kusema ni ya wakili, na kazi ya mshtakiwa ni kukaa kimya na kuonekana hana hatia. Mara ya kwanza tunacheka kidogo kwa ujeuri wa mtu huyu. Mara ya pili, tukiujua mwisho, tunamwona mwalimu akimfundisha kuogelea samaki. Norton anapokea maagizo hayo kwa unyenyekevu wa mtoto wa kanisa, macho yakiinuka na kushuka, na kigugumizi chake kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kinaamsha huruma, na kinampa nafasi ya kufikiri kabla ya kila jibu. Mtu mwingine akichelewa kujibu swali la wakili, tutamshuku. Aaron akichelewa, tunaona aibu kumharakisha.

Ni vigumu kuigiza mtu anayeigiza. Wengi hushindwa kwa namna mbili zilizo kinyume. Ama mwigizaji anamwonea huruma mtazamaji na kumrushia ishara ndogondogo, jicho la pembeni hapa, tabasamu la haraka pale, ili baadaye aweze kudai kwamba dalili zote zilikuwapo; ama anacheza uongo kana kwamba ni kweli tupu, na mwisho ukija unaonekana umebandikwa. Norton anapita katikati. Aaron wake anamtazama Vail kwa makini, na makini hayo yanaweza kusomwa kuwa ni ya kijana mwenye hofu anayesubiri kuokolewa au ya mtu anayepima kila hatua inavyopokelewa. Haegemei upande wowote kati ya maana hizo mbili, wala kamera ya Michael Chapman, mpiga picha mzoefu ambaye angeweza kutusaidia kama angetaka, haitupi msaada. Ndiyo maana filamu hii huvumilia kutazamwa tena, wakati filamu nyingi zinazotegemea mshtuko wa mwisho huwa zimekwisha kabisa siku ile ile zilipotushtua.

Vail anapogundua mkanda wa video unaoonyesha kwamba askofu alikuwa akiwalazimisha Aaron, kijana mwenzake, na msichana anayeitwa Linda kufanya ngono mbele ya kamera, anakwenda gerezani akiwa na hasira ya mtu aliyefichwa jambo. Anamfokea Aaron. Aaron analia, anajikunja, anageukia ukutani. Kisha anageuka tena, na aliyegeuka si yule aliyekuwa amejikunja. Kigugumizi kimekwisha, mabega yamefunguka, sauti imeshuka na kuwa nzito yenye kejeli, na huyu mpya, anayejiita Roy, anamshika Vail na kumbamiza ukutani. Wengi wanalikumbuka tendo hilo kwa sababu ya Norton. Mimi huwa namtazama Gere. Uso wa Vail una hofu, naam, lakini ndani ya hofu ile inapita kwa haraka sana alama ya mtu aliyeokota dhahabu. Amepata ufunguo wa kesi. Katika sekunde ileile anapobamizwa, ameanza tayari kupanga hoja zake, na hapo ndipo anaponaswa. Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu, na tundu la Roy ni bovu kweli ukilichunguza kwa utulivu: nafsi ya pili inayojitokeza pale hasa inapohitajika, mbele ya wakili na mtaalamu wa akili, kwa ukali ambao kipofu angeuona.

Mtaalamu huyo ni Molly Arrington, anayechezwa na Frances McDormand katika mwaka uleule aliocheza Fargo, filamu iliyompa Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Hapa amepewa nafasi ndogo, na sina budi kukiri kwamba ndiyo nafasi inayonisumbua zaidi. McDormand anaicheza kwa upole wenye akili, kama mtu anayeamini kwamba mgonjwa akisikilizwa vya kutosha atasema kweli. Lakini mwandishi wa skripti anamwachia aamini upesi mno. Miaka ya nyuma Marekani ilikuwa imekwisha kuona jambo lenyewe katika maisha halisi. Mwaka 1978, huko Ohio, Billy Milligan aliachiwa na mahakama kwa hoja kwamba nafsi nyingine ndani yake ndizo zilizotenda makosa. Mwaka uliofuata alikamatwa Kenneth Bianchi, mmoja wa wauaji wawili waliokuwa wakinyonga wanawake Los Angeles, naye akatoa nafsi ya pili iliyoitwa Steve. Wataalamu kadhaa waliamini. Daktari Martin Orne hakuamini, akamwekea mtego: alimdokezea kwamba watu wenye hali hiyo kwa kawaida huwa na zaidi ya nafsi mbili, na haukupita muda Bianchi akamtoa wa tatu, aliyeitwa Billy. Polisi nao wakagundua kwamba jina kamili la huyo Steve lilikuwa la mtu halisi, ambaye Bianchi alikuwa ameiba vyeti vyake vya masomo ya saikolojia. Bianchi akaacha hoja ya wazimu, akakiri makosa na kukubali kutoa ushahidi dhidi ya binamu yake Angelo Buono.

Kwa hiyo mwaka 1996 mtaalamu wa akili wa Chicago angekuwa na sababu zote za kumjaribu Aaron kama Orne alivyomjaribu Bianchi. Arrington hafanyi hivyo. Ninalisamehe jambo hilo kwa sababu moja tu, kwamba filamu haimhusu Arrington. Yeye ni cheti ambacho Vail alikihitaji ili aamini alichokwisha kutaka kuamini.

Upande wa sheria, ugumu wa kesi umebuniwa kwa ustadi. Vail alikwisha kukana shitaka kwa niaba ya Aaron, akidai kwamba muuaji ni mtu mwingine, na sasa, kesi ikiwa katikati, hawezi kugeuka na kusema kwamba mteja wake aliua lakini hakuwa na akili timamu. Anachobakiwa nacho ni kuwafanya wengine wauonyeshe wazimu ambao yeye hawezi kuutaja. Mkanda wa video nao ni kisu chenye makali pande mbili. Akiutoa yeye, atakuwa amewapa waamuzi sababu ya Aaron kuua, jambo ambalo upande wa mashtaka haukuwa nalo. Anaufikisha kwa siri mikononi mwa mwendesha mashtaka Janet Venable, akijua kwamba Venable atabanwa: akiuficha, kesi yake haina sababu ya mauaji, akiutoa, atamgeuza askofu kuwa mkosaji na mshtakiwa kuwa mwathirika.

Laura Linney ndiye Venable, na kati ya waigizaji wote wa filamu hii yeye ndiye aliyepewa mizigo mibaya zaidi. Ameandikiwa kuwa mpenzi wa zamani wa Vail, na mazungumzo yao ya nje ya mahakama yana harufu ya riwaya nyepesi zinazouzwa viwanja vya ndege. Linney anayapita kwa kuyasema kwa ukavu, kama mtu mwenye kazi nyingine ya kufanya. Ndani ya mahakama ni mtu mwingine kabisa. Nyuma yake yuko mkuu wake, Shaughnessy, anayechezwa na John Mahoney, ambaye ana fedha zake katika mradi wa ardhi uliozuiwa na askofu na ambaye asingependa mkanda ule uonekane hadharani, kwa hiyo Venable anapouonyesha mkanda mbele ya waamuzi anajua kwamba amejichimbia shimo kazini. Ndipo Vail anamsimamisha Aaron kizimbani, na Venable anaanza maswali yake ya dodoso. Anamkabili Aaron kwa ukali unaozidi kila swali, na kila swali ni lile hasa ambalo Vail alihitaji liulizwe. Aaron anavunjika, Roy anaruka juu ya kizimba, anamkaba Venable shingo. Mahakama nzima inakuwa ghasia.

Jaji Miriam Shoat, anayechezwa na Alfre Woodard, anawaondoa waamuzi na kuamua kesi mwenyewe kwamba mshtakiwa hana hatia kwa sababu ya wazimu, apelekwe hospitali. Wanasheria watakuwa na mengi ya kusema juu ya mwendo huo, maana ni vigumu kuona jinsi jaji anavyoweza kumpa mtu utetezi ambao hakuuomba, na tena kwa wepesi ule. Nadhani filamu inajua kwamba inakata kona na inakimbia kabla hatujauliza. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, jinsi hukumu ya namna hiyo ilivyokuwa imekuwa ngumu kupatikana nchini humo. Baada ya John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Reagan mwaka 1981, kuonekana mwaka uliofuata kuwa hana hatia kwa sababu ya wazimu, hasira ya wananchi ililifanya Bunge la Marekani litunge sheria mpya mwaka 1984 iliyomtwisha mshtakiwa katika mahakama za shirikisho mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuwa na akili timamu. Majimbo mengi nayo yalikaza kamba.

Kuna jambo jingine la Illinois linalofanya imani ya Vail isiwe ujinga mtupu. Venable anaombea Aaron adhabu ya kifo, na katika miaka ile jimbo hilo lilikuwa na historia ya aibu katika adhabu hiyo. Gavana George Ryan alipozisimamisha hukumu za kifo Januari 2000, alieleza kwamba tangu adhabu hiyo irudishwe mwaka 1977 jimbo lilikuwa limewaua watu 12, na watu 13 waliohukumiwa kufa walikuwa wamethibitishwa kuwa hawakustahili hukumu hiyo. Mwaka 2011 adhabu hiyo ilifutwa kabisa. Mtazamaji wa Chicago wa mwaka 1996 hakuhitaji kushawishiwa sana kwamba kijana maskini aliyekutwa na damu mwilini anaweza kuwa si muuaji.

Na hapa ndipo Gere anapofanya kazi ambayo, kwa maoni yangu, ni bora kuliko yoyote aliyokuwa ameifanya kabla ya hapo. Karibu katikati ya filamu, Vail yuko baa na yule mwandishi, amelewa kidogo, na anaulizwa kwa nini anafanya kazi hii. Tunatarajia kejeli nyingine. Badala yake anasema kwamba ameamua kuamini kuwa watu kwa asili ni wema, na kwamba watu wema sana wakati mwingine hutenda mambo mabaya sana. Gere anayasema maneno hayo kwa sauti ya chini, bila kumtazama msikilizaji wake, kama mtu anayeona haya kukamatwa akiwa na dini. Tangu hapo tunafahamu kwamba majivuno yote yale yalikuwa ukuta tu, na kwamba nyuma ya ukuta yupo mtu anayetamani, kwa mara moja, kumtetea asiye na hatia. Aaron hakuhitaji kuuvunja ukuta huo. Alihitaji kungoja Vail amfungulie mlango.

Dokezo la mada hii liko ndani ya filamu yenyewe. Kwenye kifua cha askofu muuaji alichora namba, na namba hizo zinamwongoza Venable kwenye kitabu cha Nathaniel Hawthorne, The Scarlet Letter, mahali panaposema kwamba mtu hawezi kujionyesha uso mmoja mwenyewe na kuuonyesha umma uso mwingine kwa muda mrefu bila kuchanganyikiwa ni upi wa kweli. Wote mahakamani wanadhani maneno hayo yanamhusu marehemu. Mtazamaji wa mara ya pili anadhani yanamhusu Aaron. Lakini Aaron hachanganyikiwi hata kidogo, anaujua uso wake vizuri kuliko mtu yeyote katika kesi ile. Anayechanganyikiwa ni Vail.

Mwisho unakuja gerezani, baada ya hukumu. Vail amempelekea Aaron habari njema, na Aaron, kwa kigugumizi chake, anamwomba amwambie Venable kwamba anatumaini shingo yake inaendelea vizuri. Vail anaondoka akiwa na furaha, anapiga hatua chache, anasimama. Aaron alikuwa amesema kwamba hakumbuki kitu Roy anapotoka. Ameijuaje habari ya shingo? Anarudi. Norton anainua uso, na kabla hajasema neno tumekwisha kuona. Anapiga makofi polepole, anampongeza, kisha anamweleza kwa ufahari kwamba alimwua Linda na alimwua askofu. Vail, akijaribu kushika kitu chochote, anauliza kama basi Roy hakuwahi kuwapo. Jibu ni kwamba hakuwahi kuwapo Aaron. Kumbe kijana tuliyempenda ndiye aliyebuniwa, na yule wa kutisha ndiye mwenye nyumba.

Norton anashangilia katika onyesho hili, na ana haki. Hata hivyo, jaribu kulitazama mara moja kwa kumwangalia Gere peke yake. Hafanyi karibu kitu chochote. Uso unabaki palepale huku kila kilicho nyuma yake kikiondoka, na mtu ambaye kwa saa mbili alikuwa na jibu kwa kila neno hana jibu. Kinachomfunga mdomo ni mshtuko, na juu ya mshtuko ni kazi yake mwenyewe. Yale aliyoyasikia ni siri ya mteja kuhusu makosa yaliyokwisha kutendwa, na wakili haruhusiwi kuitoa. Hata kama angeitoa, Katiba ya Marekani inakataza mtu aliyeachiwa kushtakiwa tena kwa kosa lilelile, na anayeachiwa kwa sababu ya wazimu ameachiwa. Sheria zote mbili ni zile ambazo Vail amezitetea maisha yake yote. Anatoka kwa mlango wa nyuma ili asikutane na waandishi, ambao tangu asubuhi ya kwanza alikuwa akiwatafuta.

Katika mwaka uleule wa 1996 Norton alicheza pia wakili, Alan Isaacman, katika The People vs. Larry Flynt, na watu waliokuwa wamemjua kama Aaron walipata shida kumwamini akiwa upande ule wa meza. Gere alisubiri zaidi. Golden Globe yake ya uigizaji aliipata kwa Chicago, filamu ya muziki ya mwaka 2002, akiwa Billy Flynn, wakili mwingine wa utetezi wa mji uleule, mwenye suti nzuri na maneno mengi, ambaye hamwamini mteja wake hata mmoja na kwa hiyo hakuna anayeweza kumdanganya. Anaimba vizuri mle, na anacheza ngoma. Vail alikuwa kazi ngumu zaidi.